Stuli Yenye Magurudumu

Mzee Theuri alikuwa amelala usiku mmoja tu katika seli ya kituo cha polisi cha Muirungi, lakini tayari alikuwa ameipanga kama chumba chake. Kofia ilikuwa imeangikwa kwenye msumari. Viatu vilikuwa karibu na mlango, pua zikitazama nje. Koti lilikunjwa likawa mto, na mwenyewe aliketi kwenye benchi akipiga mluzi wimbo wa kanisani, polepole, kama mtu anayengoja uji uive.

Sajini Kagure aliingia na vikombe viwili vya chai. Kwapani alibana daftari lake, ambalo alikuwa amelifunika kwa karatasi ya kalenda ya mwaka jana, vile alivyofundishwa darasa la pili na hakuacha.

"Mzee, umelala?"

"Kama mtoto. Hapa hakuna mke wa kuniamsha ati niangalie kama ng'ombe imefunguka."

"Chukua chai. Halafu uniambie mashine iko wapi."

"Gani? Ile ya kusaidia watu kupumua?"

"Kwani kumepotea nyingine?"

"Iko mahali mashine hukaa," mzee akasema, akapuliza chai.

Mambo yalikuwa hivi. Miezi minne iliyopita kaunti ilikuwa imefunga hospitali ndogo ya Muirungi, ikisema wagonjwa wa huko juu ni wachache na madaktari waende penye watu wengi. Stima ilikatwa, mlango ukatiwa kufuli, na juu ya kufuli ikabandikwa karatasi yenye muhuri. Theuri, aliyekuwa bawabu hapo kwa miaka kumi na tisa, akaachwa alinde nyumba tupu. Jumatatu ya wiki hii lori lilikuja kuchukua vifaa. Vyote vilipatikana isipokuwa mashine ya oksijeni. Kufuli nzima, muhuri mzima, vyuma vya madirisha vizima. Ufunguo mmoja ulikuwa ofisini Nyeri. Wa pili ulikuwa kiunoni mwa Theuri.

Inspekta Kingori, mkubwa wa kituo, hakuona haja ya kuwaza zaidi. Kesho saa tatu asubuhi, kama mashine haijapatikana, mzee angepelekwa kortini kwa wizi wa mali ya serikali. Na mtu wa miaka sabini na moja akishaitwa mwizi mbele ya watu wa Nyeri, hata akiachiliwa harudi nyumbani akiwa yule yule. Kagure alilijua hilo, ndiyo maana chai aliitia tangawizi.

Akatoa karatasi ndogo kutoka kwenye daftari. "Hii risiti ilikuwa kwa koti yako. Duka la Mansukh, Nyeri, wiki mbili zimepita. Ulinunua stabilaiza. Bawabu wa nyumba isiyo na stima anataka stabilaiza ya nini?"

"Redio yangu hukwaruza. Stima ikipanda ikishuka inaiharibu."

"Redio yako hutumia betri. Iko pale kaunta, nimeifungua mwenyewe."

Mzee akanywa chai. "Hii tangawizi ni ya shamba ama ya duka?"

"Mzee."

"Nauliza tu, mwari, binti yangu. Iko na nguvu."

Wakati huo taa ya seli ikazimika. Theuri akaacha kunywa. Akainua macho kwenye globu, na uso wake, ambao polisi watatu walikuwa wameshindwa kuutikisa tangu jana, ukaingia wasiwasi. Taa ikawaka tena. Mzee akapumua, akarudia mluzi wake palepale alipouachia.

Kagure akaandika: *Anaogopa stima ipotee. Lakini si hapa.*

*

Karani wa kaunti aliyemngoja Kagure hospitalini aliitwa Mathenge, mwanamume mwembamba mwenye suti ya kahawia, viatu ameviwekea mifuko ya plastiki kwa sababu ya matope. Yeye ndiye aliyeandika orodha ya vifaa siku ya kufunga, na aliibeba orodha hiyo kwa mikono miwili kama cheti cha ndoa.

"Kila kitu kiko hapa, Madam. Namba, jina, hali. Mimi sina mchezo na orodha."

"Naona. Fungua."

Ndani kulikuwa kumebaki vitu vya safari ya pili ya lori. Kagure alizunguka polepole, mikono nyuma. Karibu na soketi, mahali mashine iliposimama, sakafu ya plastiki ilikuwa na vishimo vinne vidogo vya mviringo. Dirishani kulikuwa na hadubini, imefunikwa kwa mfuko.

"Hii ni ya bei?"

"Hiyo ndiyo kitu ya bei kuliko zote. Hata mashine yenyewe haifiki."

Kagure akavuta droo. Vile vimipira vyembamba ambavyo mgonjwa huwekewa puani ili apate hewa vilikuwa humo ndani ya vifuko vyake, vimejaa. Vyote vilikuwa vya watu wazima. Upande ulioandikwa WATOTO ulikuwa mtupu, hata vumbi halikuwepo.

"Mathenge, mwizi gani huacha hadubini, huacha nyaya za shaba ukutani, anachukua vimipira vya pua ya mtoto?"

"Mwizi mjinga, Madam."

"Ama mtu ambaye hakuwa anataka kuuza. Lete orodha."

Akaisoma mstari kwa mstari, kidole juu ya karatasi. Namba kumi na saba, mashine ya oksijeni, moja, hali nzuri. Akashuka. Namba thelathini na mbili ilikuwa imekatwa kwa kalamu, na kando yake kulikuwa na sahihi. Chini ya mkato maneno yalisomeka vizuri: *Stuli ndogo ya magurudumu, yenye kitambaa, 1.*

"Hii stuli ilikatwa kwa nini?"

Mathenge akatabasamu kidogo. "Hiyo ilikuwa ya wamama. Siku ya kufunga walikuja kuombea nyumba, wakatuletea chai na nduma. Thamosi ilikuwa juu ya hiyo stuli. Nikaiandika. Mama mmoja akaniambia, 'Mwanangu, chai umekunywa, sasa unaandikia serikali mpaka vyombo vyetu?' Nikasikia aibu. Nikakata, nikatia sahihi."

"Na mashine uliiona wapi siku hiyo?"

"Iko hapo. Namba kumi na saba."

"Kwa macho, Mathenge."

"Kwa macho..." Karani akakuna shavu. "Kitabu cha zamani kilikuwa nayo, Madam. Nilinakili. Mvua ilikuwa inakuja na ile barabara unaijua."

"Hiyo stuli uliifunua kitambaa?"

Mathenge akamtazama kama aliyeulizwa kama huwa anaoga. "Kitambaa ya mama ya wenyewe? Madam, mimi nililelewa."

Kagure alimwelewa, kwa sababu naye alilelewa. Nyumbani kwao redio ilivaa kitambaa, televisheni ilivaa kitambaa, mtungi wa maji, mikono ya makochi, hata betri ya gari iliyowasha taa. Vyote vilifumwa na mama yake kwa uzi mweupe, na mgeni aliyethubutu kufunua angesemwa mpaka Krismasi.

"Na ilitoka vipi hapa?"

"Waliisukuma. Hata mimi niliwasaidia kuivusha kizingiti. Ilikuwa nzito, wacha tu. Nikawaambia mafundi wa zamani walikuwa wanatengeneza..." Akatazama vile vishimo vinne sakafuni. Akatazama soketi. Akatazama mlango. Rangi ikamtoka usoni taratibu kama chai inayoongezwa maziwa.

"Madam."

"Ndiyo."

"Ile stuli ilikuwa na waya."

"Ukadhani ni nini?"

"Nilidhani ni kamba ya kuivuta."

Kagure akageukia dirisha, akakaa hapo kidogo mpaka kicheko kikapita. "Usimwambie mtu mpaka nikuite," akasema.

Lakini alipofika kwenye gari hakuwa anacheka tena. Mashine ilikuwa imetoka mchana, kupitia mlangoni, kabla ya kufuli na kabla ya muhuri. Theuri hakuwa amefungua kitu. Ila kama mashine ilikuwa mali ya serikali, basi kesho kortini mzee asingesimama peke yake. Angesimama na kikundi kizima cha wamama wa kanisa, na Kagure ndiye angekuwa amewapeleka.

*

Alitoka Muirungi saa nne na nusu. Hakukuwa na mvua, wala hakubeba mgonjwa, na dereva wa kituo alikuwa anajua kila shimo kwa jina. Hata hivyo walifika Nyeri saa sita kasoro dakika ishirini. Kagure akaandika hizo dakika sabini kwenye daftari, ingawa hakuna aliyemtuma kuziandika.

Duka la Mansukh lilijaa globu, nyaya, soketi na vifaa vya umeme mpaka dari. Mwenyewe aliketi nyuma ya kaunta, mzee mnene mwenye miwani paji la usoni, na nyuma yake picha ya marehemu mkewe, Manorama, ikiwa na shada la maua mabichi.

"Mzee Mansukh, watu wanasema unanunua vitu vya hospitali zilizofungwa."

"Watu pia walisema naoa tena. Ni miaka mitatu sasa, bibi arusi hajaletwa." Akashusha miwani. "Keti, Sajini. Nani amesema?"

Kagure akaweka risiti juu ya kaunta. "Mwenye risiti hii alikuuzia nini?"

"Theuri? Kuniuzia? Huyo hata salamu hawezi kukuuzia, anakupa bure. Alikuja kununua. Saa nzima nikimweleza stabilaiza. Aliuliza swali moja mara tano."

"Gani?"

"Ati kama itavumilia jenereta kubwa, ile ambayo stima ikipotea inajiwasha yenyewe kwa nguvu. Nikamwambia itavumilia. Akauliza tena. Nikamwambia mzee, hii itavumilia hata mke wako."

Kagure akaandika, akapigia mstari. Muirungi nzima ilikuwa na jenereta moja ya namna hiyo, na kila mtu mwenye ng'ombe aliijua.

"Yeye ni mteja wako wa zamani?"

"Mteja? Huyu ni mtu wangu." Mansukh akasimama, akashusha picha nyingine kutoka ukutani, akaifuta kwa mkono wa shati. "Tazama. Gari letu liliharibikia Muirungi, tukitoka kutembea. Baridi ikamwingia Manorama kifuani, akashindwa kupumua. Pale hospitalini walikuwa na mtungi mmoja wa hewa wa kukopa. Wakampa. Akaishi miaka sita zaidi, Sajini. Akaniambia wale watu lazima wawe na mashine yao. Tukaipeleka. Hii ndiyo siku yenyewe."

Kwenye picha mashine ilikuwa katikati, mpya, uchi bila kitambaa. Manorama alikuwa anacheka. Daktari alikuwa amesimama mkono umenyooshwa bila kitu, na kando yake Theuri, ambaye nywele zilikuwa bado nyeusi, alikuwa ameinama juu ya karatasi na kalamu mkononi.

"Bawabu ndiye anatia sahihi?"

"Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya wakazi. Mimi nilimpa daktari kalamu. Huyu mkaidi akaichukua mkononi mwake. Akasema, daktari huhamishwa, wakazi hawahamishwi."

Kagure akaacha kuandika. "Hiyo barua aliyotia sahihi iko wapi?"

"Ilibaki kwa faili ya hospitali. Lakini kuna kibao cha bati kwenye mashine. Maneno alichagua Manorama mwenyewe. Mwezi uliofuata tukarudi kukiona, tukapata wamama wamekifunika na kitambaa, hata herufi moja haionekani. Alicheka mpaka Karatina."

"Kilisema nini?"

"Kwa Kigujarati kilikuwa kizuri sana. Fundi aliandika Kiswahili chake. Nenda ukasome mwenyewe, mimi nitalia mbele ya wateja."

*

Kituo cha kupozea maziwa kilikuwa mita mia mbili kutoka hospitali iliyofungwa. Sista Wangui, muuguzi aliyestaafu, ndiye aliyepima maziwa hapo siku hizi, na bado alivaa sweta yake ya bluu ya kazini.

"Karibu, afande. Umekuja kushika maziwa yenye maji?"

"Nimekuja kuomba chai, Sista. Ng'ombe wanakusumbua?"

"Ng'ombe ni wagonjwa wazuri. Hawaniulizi kama daktari atakuja."

Ofisi ilikuwa safi na yenye joto. Nyuma ya ukuta mtambo wa kupoza ulinguruma. Kulikuwa na makochi mawili na stuli tatu, na kila kimoja kimevaa kitambaa. Kagure alipewa kikombe, akaketi, akatazama vitambaa kwa utulivu wa mtu aliyekua kati yao. Vya stuli mbili vilikuwa vifupi, vimegeuka manjano. Cha stuli ya tatu, pembeni karibu na soketi, kilikuwa kirefu mpaka sakafuni, cheupe, kimefuliwa majuzi. Juu yake palikuwa na thamosi. Ubavuni kilikuwa na tundu dogo, limezungushiwa uzi vizuri kama tundu la kifungo.

"Kitambaa kizuri," Kagure akasema. "Hili tundu ni mtindo mpya?"

"Macho ya mfumaji yanazeeka," Wangui akajibu bila kupepesa. "Ongeza sukari."

Kagure alikuwa anafungua mdomo kusema alichojua, ndipo mlango ukasukumwa. Aliingia msichana anayeitwa Shiro, mchuma chai, kikapu bado mgongoni na mtoto kifuani. Alikuwa amekimbia. Mtoto, Munene, mwaka mmoja na miezi saba, alikuwa anavuta pumzi kwa sauti ya mlango usiotiwa mafuta, na kila akivuta ngozi ilizama katikati ya mbavu. Midomo ilikuwa imeanza kuwa na rangi ya majivu.

"Sista, tangu asubuhi ni kikohozi tu, sasa ameanza hivi..."

Wangui alikuwa tayari ameweka sikio kifuani mwa mtoto. "Piga simu ya ambulensi. Waambie kifua, mtoto, Muirungi."

Shiro akapiga, akasikiliza. "Wanasema wanatoka Nyeri sasa hivi."

Kagure alitazama daftari lake lililofungwa. Dakika sabini, bila mvua. Nje mvua ilikuwa imeanza kugonga mabati.

Sista akainuka. Akapiga hatua moja kuelekea stuli ya pembeni, akasimama. Akamtazama Kagure. Macho yake hayakuomba kitu. Yalikuwa yanapima tu, upande mmoja mzee aliyeko seli na wamama wote waliosukuma, upande wa pili huyu mtoto. Yalipima haraka, na hatua ya pili ilikuwa inakuja hata iweje.

Kagure akamtangulia. Alibeba thamosi akaiweka chini. Akashika kitambaa kwa ncha zake mbili, akakiinua, akakikunja mara nne vile mama yake alivyomfundisha.

"Washa, Sista," akasema. "Chai nitamaliza baadaye."

Mashine ikaguna, ikalia kidogo, ikaanza kufanya kazi. Wangui akatoa kimpira kidogo mfukoni mwa sweta, akakiweka puani mwa Munene, ambaye alikuwa na nguvu ya kukisukuma lakini si ya kulia. Kisha wakangoja. Stima ikapotea mara moja, jenereta ya maziwa ikanguruma nyuma ya ukuta kabla Shiro hajamaliza kushtuka, na stabilaiza ya Theuri, iliyofichwa chini ya meza, ikapiga mlio wake mdogo na kuvumilia. Baada ya dakika ishirini midomo ya mtoto ikarudia rangi yake. Baada ya nusu saa akalia kwa sauti kubwa, na hakuna aliyemnyamazisha.

"Ni wa ngapi?" Kagure akauliza.

"Wa kumi na mbili tangu wafunge. Mmoja alikuwa chifu, lakini yeye alisema alikuja kuona maziwa."

Kagure akapiga magoti mbele ya mashine. Kibao cha bati kilikuwa hapo, kidogo kama kiganja, herufi za fundi zimepinda kidogo upande wa kulia. MALI YA WAKAZI WA MUIRUNGI. IKAE KARIBU NAO. MANORAMA.

Akakisoma mara tatu. Kisha akakinakili, neno kwa neno, na namba ya mashine chini yake, na akamwomba Sista Wangui atie sahihi kama shahidi.

Ambulensi ilifika baada ya saa moja na dakika thelathini na tano. Munene aliondoka ndani yake akiwa ameshika kidole cha muuguzi.

*

Inspekta Kingori alisoma ripoti akiwa amesimama, halafu akaketi, akaisoma tena. Mathenge alikuwa pembeni, ameleta faili ya hospitali mwenyewe kutoka kwenye maboksi ya lori. Barua ilikuwamo, na sahihi ya Theuri ilikuwa kubwa kuliko barua.

"Kwa hivyo mzee ameibia nani?" mkubwa akauliza.

"Hakuna, sir. Mashine ni ya wakazi, na wakazi wako nayo. Ilitoka mlangoni mchana, na karani wa kaunti alitia sahihi ikitoka."

"Mathenge, ni kweli?"

"Niliisukuma pia," Mathenge akasema kwa sauti ndogo.

Kingori akachukua kalamu, akaandika chini ya ripoti kwamba hakuna kosa, akagonga muhuri. Kisha akakohoa. "Mimi mama yangu anaishi huko juu, na kifua chake kinamsumbua. Hiyo ofisi ya maziwa hufunguliwa saa ngapi?"

Theuri alitolewa seli saa kumi na moja. Alivaa viatu bila kuinama sana, kwa sababu vilikuwa vimeshageuzwa kuelekea njia. Kitu cha kwanza alichouliza ni kama stima iko Muirungi, na cha pili ni mtoto wa nani. Kagure akamjibu yote mawili.

"Mzee, barua ulikuwa unaijua. Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, lori lingeenda kuibeba leo, barua itafutwe mwaka kesho. Mimi nikifungwa watanipa ugali. Hiyo ikifungwa..." Akainua mabega, akapokea redio yake.

Kagure akafungua mkoba amrudishie mzee risiti yake, na kitambaa cheupe kikatokea, kimekunjwa mara nne. Alikuwa amekibeba kama ushahidi, akakisahau.

Mzee akakitazama, kisha akamtazama yeye, na kwa mara ya pili tangu jana uso wake ukaingia wasiwasi.

"Mwari," akasema, "twende tukirudishe sasa hivi. Mambo ya mashine umeweza kueleza mkubwa. Lakini wamama wakijua umetembea na kitambaa yao mchana mzima, huko mimi siwezi kukusaidia."